Dakika kumi, abiria!

Najua nimepotea, tena si kidogo. UE zilinikaba koo, zilipoisha nikasema ngoja nilale siku mbili, kuamka nakuta semista mpya iko wiki ya tatu na kuna asainmenti mbili za kukusanya Ijumaa. Asanteni mlioniulizia. Na wale mliosambaza kwamba nimeolewa, Mungu anawaona.

Leo siandiki habari za hosteli wala za bumu (ingawa bumu litatajwa, haliwezi kukosa). Juzi tulikuwa chumbani watu wanne, mwenzetu mmoja karudi kutoka mjini amefura, anasema dada wa mgahawani kamnunia, eti wahudumu wa Bongo hawana kastama kea. Wote wakaitikia kama wako kanisani. Mimi nikakausha, maana nikianza tungekesha, na huyo aliyenuniwa ndiye mwenye jiko la kupikia. Kwa hiyo namjibu hapa. Najua atasoma.

Wengi wenu hamjui kwamba likizo ndefu iliyopita, TP ilipokwisha mwishoni mwa Agosti, nilifanya kazi wiki saba kwenye hoteli ya mabasi. Si hoteli ya kulala, ni ile ya kula. Zile za barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya, katikati ya Mikumi na Iringa, ambapo konda anasimama mlangoni mwa basi na kupiga kelele "Dakika kumi, abiria! Kuchimba dawa na chakula, dakika kumi!" Jina la hoteli nabaki nalo. Nyie mnaotoka Dar, Moro, Pwani na Tanga kuja Mkwawa mmeshuka pale au kwa jirani yake, kwa hiyo inawezekana kabisa nilishakupa chipsi na hukuniona. Haikuwa rahisi kuniona. Nilivaa aproni na kofia, na ukishavaa hivyo vitu viwili uso unafutika.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana ukiwa abiria unaona vurugu tu.

Basi lina watu hamsini na kitu. Mabasi hayaji moja moja kwa ustaarabu, yanatoka Dar pamoja alfajiri, kwa hiyo yanafika pamoja. Mawili yakiingia kwa mpigo ni kama watu mia. Sisi wa ukumbini tulikuwa sita. Mimi ni mtu wa Kiswahili na Historia, hesabu niliziacha kidato cha nne kwa amani, lakini hii niliipiga mwenyewe kwenye karatasi ya oda: dakika kumi ni sekunde 600, watu mia kwa wahudumu sita, kila mteja anapata sekunde 36 zangu. Ndani ya hizo sekunde 36 anataka aulize bei, ashangae bei, abadilishe kuku kuwa nyama, aombe pilipili, alipe na noti ya elfu kumi, adai chenji, na nimchekee. Kunichekesha hakumo kwenye ratiba yake.

Sasa, hizo dakika kumi zenyewe ni za uongo. Dereva na konda wanakula chumba cha ndani, na pale kwetu walikula bure, ndiyo asante ya kuleta abiria. Basi haliondoki dereva hajamaliza, na dereva aliyepewa kuku nusu na ugali hana haraka na mtu. Mara nyingi ilikuwa dakika ishirini, ishirini na tano. Lakini abiria hajui, ametangaziwa kumi, anaogopa kuachwa porini na mizigo yake ikaenda Tunduma. Ile hofu anaishusha wapi? Konda ana mabavu, dereva haonekani, mwenye hoteli yuko Dar. Anayeonekana ni dada mwenye aproni.

Hili nililiona tangu siku ya kwanza na halikubadilika mpaka nilipoondoka. Bei, kwa mfano. Chipsi kuku ilikuwa 6,000, na ukweli ni kwamba ilikuwa ghali kwa kilichokuwemo, paja moja lililokonda. Nisingeinunua. Lakini bei ile alipanga bosi, na bango lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa. Watu walilisoma, kisha wakanigeukia mimi. "Nyie wezi." "Mnadhani tunaokota hela?" Mmoja aliniuliza kama kuku wetu amesoma chuo kikuu. Hiyo nilicheka, ilikuwa nzuri, na nilitamani nimjibu kwamba kuku hajasoma ila anayembeba yuko mwaka wa pili.

Au mifuko. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Miaka imepita, watoto waliozaliwa mwaka ule wako shule, lakini bado kila siku kuna mtu anataka "rambo" ya kuwekea soda na mahindi yake, ukimwambia hakuna, kuna mbadala kwa 500, anakutukana kama vile wewe ndiye uliyekaa Dodoma ukaipitisha sheria. Dada zetu wa kwenye supamaketi wanaijua hii vizuri kuliko mimi.

Matusi lakini unayazoea. Kuna kitu kingine ambacho mteja hakioni kabisa, nacho ndicho kilichonifanya niandike.

Pale kwetu kulikuwa na kaunta ya kulipia kwanza, unapewa tiketi, unaleta tiketi, unapewa sahani. Mfumo mzuri. Ila mabasi mawili yakiingia foleni inafika nje, na msimamizi akiona watu wanaanza kwenda kwa jirani anapaza sauti, "Wapeni chakula, kusanyeni wenyewe!" Kuanzia hapo kila sahani inayotoka jikoni inaandikwa kwenye daftari la mama wa jikoni kwa jina la mhudumu. Zako kumi na nne, za mwenzako kumi na moja. Jioni unapeleka hela za sahani zako. Zikipungua, zinatoka kwenye posho yako.

Posho yangu ilikuwa 5,000 kwa siku, na chakula mara mbili. Chipsi kuku 6,000. Mteja mmoja akipanda basi na chipsi zangu bila kulipa, nimefanya kazi siku nzima na bado nadaiwa buku.

Na walipanda. Siku ya tatu tu, kaka mmoja aliyevaa vizuri, miwani, simu mbili, alichukua wali nyama na soda, akaniambia, "Dada, nakulipa dirishani, pochi iko kwenye kiti." Nikamfuata mpaka dirishani. Akaingia, akakaa, akafungua mfuko wake taratibu, basi likaanza kurudi nyuma, nami natembea nalo, narudi nalo, kisha likageuka. Alikuwa ananiangalia. Hakuwa amesahau, wadau. Mtu aliyesahau haangalii hivyo. Kuna mwingine alinionyesha meseji ya malipo ya lipa namba, "nimeshatuma mtandao unasumbua," meseji ilikuwa ya wiki mbili nyuma, kafunika tarehe na kidole gumba. Na wapo wanaoondoka na sahani. Sahani ya udongo, na kijiko! Sahani inayopaa kwenda Songea nayo ina bei yake kwenye lile daftari, 3,000.

Kwenye wiki saba nilikatwa mara tisa. Mwenzangu wa zamu, dada mwenye mtoto wa miaka minne, aliwahi kumaliza siku mbili mfululizo hana kitu, akaenda nyumbani na mifupa ya kuku kwenye karatasi. Usiniulize kwa nini hatukugoma. Nje ya geti kulikuwa na wasichana wanaomba hiyo hiyo kazi kila Jumatatu.

Niliporudi chuo nilikwenda maktaba kwa hasira zangu nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Isomeni, iko kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 28 kinasema mwajiri anaweza kukata mshahara kwa ajili ya hasara pale tu hasara hiyo imetokana na kosa la mfanyakazi, na lazima kwanza amwandikie sababu, kiasi, na namna alivyokipata, ampe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya malipo yake. Robo! Robo ya 5,000 ni 1,250. Sisi tulikatwa yote, kwa kosa la mtu aliye njiani kwenda Njombe, na maandishi pekee yalikuwa msalaba wa kalamu nyekundu kwenye daftari la mama wa jikoni. Mtu atasema peleka kesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sawa. Kibarua asiye na mkataba, nauli ya kwenda Iringa mjini na kurudi, siku ya kazi imepotea, kwa sahani ya 6,000. Hiyo ndiyo hesabu bosi anayoijua.

Na hiyo 5,000 haikutoka hewani. Tangazo la kima cha chini la mwaka 2013 liliweka 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa. Gawanya kwa siku 26 uone. Tangazo hilo limeshafutwa na viwango vimepanda tangu hapo, ila habari za kupanda hazikufika kwenye hoteli yetu. Nyie mliopata mkopo, posho ya chakula na malazi ilitoka 8,500 ikawa 10,000 kwa siku, na bado kila bumu likichelewa tunalia mitandaoni. Nami nalia. Nasema tu kwamba yule anayekuletea chipsi anaweza kuwa analipwa nusu ya hiyo, na asubuhi hakuwa amelala kwenye lekcha.

Nirudi kwa wateja. Mikono. Wasichana wenzangu wanajua. Unapita katikati ya meza na trei mbili, mikono yako yote imebeba, na mtu anajua imebeba. Hapo ndipo anaposhika. Mchana si sana, lakini tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023 kuna zamu ya saa sita mpaka alfajiri, na abiria wa saa nane usiku wengine wameshachangamka na vile vichupa vidogo. Mwenzangu mmoja alimwagia mmoja mchuzi, akasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya na nilimheshimu sana. Alikatwa mchuzi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza jambo hili kwenye Kanuni ya Adhabu, kubughudhi mtu kijinsia kwa maneno au kwa vitendo ni kosa la jinai. Lakini shahidi wako, mshtakiwa wako, na basi zima la mashahidi wengine wanaondoka baada ya dakika kumi. Kweli kumi, hizo za usiku hazizidi.

Mimi usiku nilifanya wiki moja tu nikaomba kurudi mchana.

Sasa sikilizeni habari ya mzee wa chooni. Huyu alikuwa mtu wa makamo ya babu yangu, zaidi ya miaka sitini, Mhehe wa pale pale, amestaafu kazi ya barabara. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa vyoo na kopo la sarafu. Choo kilikuwa 300, ukiwa umekula pale ni bure ukionyesha tiketi. Kazi yake kupokea, kutoa karatasi, na kusafisha kila basi likiondoka. Hiyo ya kusafisha sitaieleza, kuna watu wanasoma hapa wakiwa wanakula.

Tumelelewa wote humu na shikamoo. Mtoto wa miaka mitatu asiposema shikamoo kwa mgeni anafinywa. Ukikutana na mzee njiani usiyemjua, unamwamkia, hata kama una haraka. Nilikuwa nafuta meza za upande ule, nikaanza kuhesabu kwa kujifurahisha. Basi zima linashuka, vijana wa rika langu, wadogo zangu, wamesimama mbele ya mzee yule kwenye foleni. Siku niliyohesabu, mabasi manne, walioamkia walikuwa wawili. Mmoja ni mtoto wa shule, mwingine ni mama mmoja aliyemwambia "kamwene" wakacheka wakaongea Kihehe mpaka foleni ikaguna. Wengine wote: "We mzee, chenji." "Choo kichafu halafu unadai hela." Kijana mmoja alirusha sarafu ikagonga kopo ikaanguka, hakuokota, mzee akainama.

Watu wale wale wakifika kijijini kwao jioni ile wanapiga magoti. Nina hakika. Heshima wanayo, na si kwamba imesahaulika Dar. Imewekwa pembeni kwa muda kwa sababu kuna hela kati yao na yule mzee. Kama vile 300 imenunua choo pamoja na ruhusa ya kutomwona mtu. Hata lugha yetu inajua hili. Tazameni neno "mamantilie". Ni sauti ya mteja ile: mama, nitilie! Mwanamke anaamka saa tisa usiku, anawasha mkaa, anasomesha watoto kwa wali maharage, na jina la kazi yake ni amri aliyopewa na mtu mwenye njaa. Nimeisoma Isimu semista nzima hakuna aliyelitaja hili, nadai alama zangu.

Na ukutani pale hotelini, juu ya kaunta, bosi alibandika bango, MTEJA NI MFALME. Kila nilipokatwa nililisoma. Nilikuja kuelewa ni bango la nani. Mfalme akila bila kulipa, hasara haimfikii aliyemtawaza. Ningekuwa na uwezo ningebandika chini yake daftari la mama wa jikoni.

Siku iliyonichoma zaidi hakuna aliyenishika wala aliyekimbia. Ilikuwa Septemba, basi linatoka Mbeya kwenda Dar. Baba mmoja wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, kaketi na mtoto wa kiume wa kama darasa la tano. Alitoa oda ya watu wawili, mwenzangu yule mwenye mtoto akamletea ndizi nyama badala ya wali nyama. Kelele zilikuwa nyingi, msikosee, hata mimi nilikuwa nimesikia ndizi. Baba hakutukana. Aliongea kwa upole kabisa, sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele za watu. Akamwonyesha mtoto kwa kidole, akasema, "Unaona? Hii ndiyo faida ya kutokusoma. Huyu alikuwa anacheza darasani. Usiposoma utakuwa hivi." Kisha akamgeukia mwenzangu, "Samahani binti, namfundisha mwanangu. Mimi ni mwalimu."

Mwenzangu akasema, "Sawa mwalimu," akaenda kubadilisha sahani. Ndizi nyama ile aliilipa.

Wadau, sikulala. Ningemwambia nini? Ningeweza kumwambia mimi niko Mkwawa mwaka wa pili, nasomea hiyo hiyo kazi yako. Wazo lilikuja, na likawa baya kuliko kukaa kimya, kwa sababu lingekuwa na maana moja tu: mimi usinitukane, nimesoma, mtukane huyu. Mwenzangu alipata Division Four ya pointi 28. Anajumlisha meza ya watu saba kichwani, bei tofauti tofauti, na chenji, kabla mimi sijatoa kalamu. Anawajua madereva kwa mwendo wa basi likiwa bado barabarani. Kama angesoma mpaka akawa profesa, mtu mwingine angebeba ile sahani siku ile, na huyo mwingine angeambiwa yale yale. Lazima mtu abebe sahani.

Halafu nikakumbuka mahali nilipoyasikia maneno yale, wiki chache tu nyuma. Kwenye TP. Shule siitaji. Mwalimu wa kidato cha pili, mtu mzuri kabisa, aliyenisaidia na lesoni plani zangu, akirudisha mitihani: "Wewe utauza chipsi. Wewe utakuwa baamedi. Wewe na hii 12, konda." Darasa likaangua kicheko. Na mnajua nyote kwamba hilo si la shule moja. Nani kati yetu hakuambiwa hivyo? Mimi niliambiwa darasa la sita kwamba nitauza maandazi. Mama yangu alikuwa anauza maandazi wakati ule, na ndiyo yaliyokuwa yananilipia michango ya shule. Nilirudi nyumbani sikumwambia.

Kwa hiyo ukiniuliza abiria wa sekunde 36 amejifunzia wapi kwamba dada wa chipsi ni mtu aliyeshindwa, na kwamba aliyeshindwa anaruhusiwa kusemwa, nitakwambia amejifunza kwetu. Ndani ya darasa, akiwa na miaka kumi na tatu, kutoka kwa mtu mwenye chaki. Na mwenzake aliyekaa dawati la nyuma, ambaye kweli alikuja kuuza chipsi, alikuwa humo darasani anafundishwa pia. Alifundishwa kuitikia "sawa mwalimu".

Tunaozungumza hapa ni watu wa BEd na BA na Elimu, karibu chuo kizima. Julai tunatawanyika tena TP. Mtapewa mikondo ya wanafunzi themanini, wengine watafeli majaribio yenu ya kwanza, mtakuwa mmechoka na kuna mkaguzi nyuma ya darasa, na lile sentensi litakuwa mdomoni tayari kwa sababu ni rahisi na darasa linacheka. Mimi nimeamua langu litakuwa swali la hesabu: sekunde 600, abiria mia, wahudumu sita. Najua sifundishi Hesabu. Mwalimu wa Historia ya Kazi na Uzalishaji ataipenyeza mahali.

Nisiwaonee abiria wote. Kulikuwa na wanaolipa kabla ya kushika sahani, bila kuambiwa, na hao karibu wote ukiwauliza walishawahi kuuza kitu. Kulikuwa na mama wa Kichaga aliyetufokea wote sita, kisha akatuachia elfu mbili mbili. Kulikuwa na konda mmoja, mdogo kabisa, aliyesimamisha basi getini akapanda mwenyewe kudai 6,000 zangu kiti kwa kiti mpaka zikapatikana, akanirushia kupitia dirishani akisema, "Anti, usiwaamini hawa, nawabeba kila siku." Siku hiyo sikukatwa.

Na wewe mwenye jiko: dada hakukununia. Ulisema ulifika saa saba mchana na kulikuwa na watu wengi. Labda alikuwa anahesabu sahani zake.

Mwenzangu bado yuko pale. Jana kanitumia meseji saa tano usiku kwamba wamebadilisha utaratibu, sasa kaunta tu, tiketi kwanza, hata yakija mabasi matatu, kwa sababu wiki iliyopita wahudumu wanne waliacha kazi siku moja, Jumamosi, na bosi akatoka Dar kuja kubeba trei mwenyewe. Anasema alidumu basi moja na nusu. Wamemrudishia na 18,000 za mwezi uliopita. Nimempigia asubuhi tukacheka mpaka vocha ikaisha, ananidai stori ya chuo. Ngoja nimalize hii asainmenti ya Ijumaa, nitampigia Jumamosi.